Koti la Mzee Mwenyeji

Wilfred alituita nyumbani kwao mtaa wa Mwanga kutuonyesha video ya marehemu baba yake, na ilipokwisha sikuwa nimemtambua marehemu. Sura niliitambua. Bonifasi alikuwa pale kwenye runinga na pua yake ileile, anakata utepe wa kisima, anapokea cheti, anasalimiana na padri, anawagawia watoto yatima madaftari. Kinanda kinalia chinichini kama tuko msibani tena. Hakuna mahali hata pamoja ambapo mtu anacheka. Mchekeshaji aliyewatoa watu machozi mwambao huu wote wa ziwa kwa zaidi ya miaka ishirini, mwanawe amemgeuza kuwa mfadhili.

Na mimi simo.

Nilivumilia mpaka yale majina ya mwisho yanayopanda juu. Nikaona jina la aliyekodisha viti. Nikaona jina la aliyechangia maji ya chupa. Langu hakuna.

"Umeionaje, Mama?" Wilfred akaniuliza. Ni kijana mwenye adabu, sitamsingizia. Anafanya kazi Dodoma, anavaa tai hata Jumamosi, na tangu mdogo hajawahi kunipita bila shikamoo.

"Nimeiona vizuri," nikamwambia. "Huyo mzee wa kwenye video ni nani?"

Mimi naitwa Anésie Ndayikunda. Ukiuliza kwa jina hilo hapa Kigoma utazunguka mpaka viatu viishe soli. Uliza Mama Mgeni, watakuleta mpaka mlangoni. Bonifasi alikuwa Mzee Mwenyeji, mimi nilikuwa Mama Mgeni, na watu walitujua hivyo kuliko walivyowajua wajumbe wao wa mtaa.

Tulikutana mwaka tisini na nane, mwaloni Kibirizi, ufukweni wanakoshushia dagaa, siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi hulazwa mchangani na wavuvi hubaki na nguvu zao bila kazi. Bonifasi alilijua hilo. Siku za giza, wakati watu wako ziwani, hakupanga onyesho hata umbembeleze vipi. Ikifika mbalamwezi, unamwona huyo anapanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, na koti lake la kijani lililomzidi mabega, kofia ya pama na viatu virefu vya ngozi, anahubiri kwamba ziwa hili lilichimbwa na babu yake kwa jembe la mkono.

Mimi nilikuwa nimeinama nageuza dagaa. Bonifasi akaninyooshea kidole.

"Nyie mliovuka mpaka na sufuria kichwani! Mmekula mihogo yetu, mmeolewa na kaka zetu, sasa mnatukaushia mpaka dagaa wetu! Kila mtu abebe chake arudi kwao!"

Watu wakacheka. Wakacheka wanawake niliokuwa nachota nao maji. Ilikuwa miaka ambayo ukisikika sokoni unaongea Kirundi watu wanageuka kukutazama, na wengine wetu tulikuwa tumejifunza kunyamaza hata tukikanyagwa. Na nisikufiche, siku ile Bonifasi hakuwa anaigiza tu. Nilimwangalia machoni. Alimaanisha.

Sijui nilipata wapi mdomo. Nilisimama, mikono yote magamba ya dagaa, nikaanza na mshangao wetu wa Kirundi, nikamjibu kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mitumbwi.

"Yebaba we! Mimi sikuvuka kwa miguu, nilibebwa mgongoni na mama yangu. Wewe je? Hilo koti umelinunua kwa mtu wa Bujumbura, namjua. Kofia umepewa na Mkongo. Viatu ni mtumba wa Mzungu aliyekufa. Vua vya wageni vyote tuone cha kwako!"

Mwalo ukalipuka. Bonifasi akashika koti lake kama mtu anayeshika suruali isimvuke, akasema, "Hili? Hili nimezaliwa nalo!"

"Muongo huyo!" watu wakaitika. "Vua!"

Basi akavua. Koti likatoka. Kofia, akasema nayo amezaliwa nayo, watu wakaitika muongo, ikatoka. Viatu vikatoka, shati likatoka, suruali ikatoka, mpaka akabaki na kaptula ya kitenge, miguu myembamba kama ya korongo. Akajipiga kifua. "Hii sasa ni yangu! Nimeshonewa na mke wangu Veneranda, fundi wa Mwanga!"

"Na kitenge kimetoka wapi?" nikamuuliza.

Alifikiri kidogo. Kisha akatimua mbio akajificha nyuma ya mtumbwi.

Kesho yake akaja kwenye chumba nilichopanga nyuma ya mwalo. Nilijua amekuja kugomba. Alisimama mlangoni, koti kwenye mkono, hata kuniangalia anashindwa. "Dada," akasema, "jana umenivua nguo mbele ya wake za watu. Mbalamwezi ijayo njoo univue tena."

Nikaenda. Tukafanya hivyo kuanzia Kibirizi mpaka vijiji ambavyo vinafikika kwa boti tu. Mume wangu Ngendakumana, Mungu amrehemu, alikuwa anakaa mstari wa mbele anaitika muongo kuliko wote. Mke wa Bonifasi ndiye hakuwahi kuja. Veneranda alibaki na cherehani yake Mwanga, na midomo ya watu ilijua kwa nini. Mke wa mtu anaona mwanamke mwingine anamvua mumewe nguo kila mwezi, na mwalo mzima unalipia kiingilio. Nami sikumlaumu.

Sasa rudi sebuleni kwa Wilfred, uelewe kwa nini alitengeneza video ya yatima na madaftari.

Kuna mtu, hatumjui, alichukua onyesho letu la zamani akakata kipande. Akaacha pale Bonifasi anaponyoosha kidole na kusema kila mtu arudi kwao. Akakata kabla sijasimama. Kipande hicho kilizunguka kwenye simu za watu nchi nzima, na mtu ambaye hajawahi kuliona ziwa akawa anamwita marehemu mbaguzi. Wengine walikipenda, na hao ndio walioniumiza zaidi. Walikisambaza wakiandika, "Mzee alisema kweli."

"Wenzangu kazini wamenitumia," Wilfred akasema. "Wananiuliza, huyu ndiye baba yako? Mama, mimi sina namna. Nimewaomba wote wenye zile kanda wazifute. Kumbukumbu ya mwaka tunaifanya pale Kibirizi, watu watapiga picha. Nataka wamwone baba alivyokuwa."

"Baba yako alivyokuwa ni hivyo hivyo. Alisema, akajibiwa. Wao wamefuta jibu, na wewe unafuta yote."

Pale kwenye kochi alikaa Shadia, binti wa Ujiji anayechekesha watu siku hizi kwa simu na kwenye kumbi, ambaye Wilfred alimchagua kuwa mshereheshaji wa siku hiyo. Nilitegemea ataniunga mkono. Anajua kazi.

"Samahani, Mama Mgeni," akasema. "Mimi nakupenda tangu mtoto. Lakini shuleni kwetu alikuwepo msichana mmoja, Recho, wazazi wake wametoka Burundi. Kila mapumziko wavulana walikuwa wanapanda juu ya dawati, wanaiga sauti ya Mzee Mwenyeji, 'Bebeni sufuria mrudi kwenu!' Wanacheka mpaka wanaanguka. Hakuna aliyewahi kukuigiza wewe. Recho aliacha shule. Watoto walichukua matusi ya mzee, majibu yako waliyaacha mwaloni."

Nilitamani kumzaba kibao. Nilitamani kwa sababu nilijua hadanganyi. Mimi mwenyewe niliwahi kuwaona watoto wa namna hiyo nje ya duka, nikajiambia ni watoto tu.

"Kwa hiyo Recho atafaidika nini na video ya kisima?" nikamuuliza.

"Sijasema ni nzuri. Nasema hata ile nyingine inauma."

"Acha iume! Iliniuma mimi kabla hujazaliwa. Niliumia nikasimama. Mkifuta siku ile, nitakuwa nimesimama wapi?"

Wilfred akaangalia saa yake. Kwenye kiti cha pembeni Veneranda, mjane mwenyewe, alikuwa anapinda upindo wa kitambaa cha meza kwa mkono. Hakuinua hata macho.

Nikaaga nikatoka. Wilfred akanifuata mpaka nje. "Mama, tafadhali. Njoo siku hiyo ukae mbele, kiti chako kipo. Ila lile koti usije nalo."

Alijua ninalo. Wote walikuwepo siku ninapewa. Tulipoanua matanga, nguo za marehemu zikagawanywa kama kawaida: huyu shati, yule suruali, mdogo wake Castory akapata suti ya harusi isiyomwenea. Koti la kijani likabaki kwenye mkeka, na watu wanalikwepa kana kwamba lina chawa. Veneranda akaliokota, akavuka watu wote, akaniwekea mapajani. "Chukua. Wewe ndiye ulikuwa unalivua." Akina mama wakainamisha vichwa. Nililikunja nikaondoka nalo na uso unawaka. Mwaka mzima limening'inia nyuma ya mlango wangu na mwaka mzima sikujua kama nilipewa zawadi au nilipigwa kofi.

Siku ya kumbukumbu ilikuwa Jumamosi, mbalamwezi. Hilo angalau Wilfred alilikumbuka. Asubuhi ilikuwa misa, mchana tukahamia mwaloni. Turubai jeupe, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa, runinga kubwa juu ya meza. Nilikwenda na koti kwenye mfuko wa rambo, nikauficha chini ya kiti. Nisingeweza kumwacha Bonifasi nyumbani, sijui nisemeje. Nisingeweza.

Watu walijaa. Wavuvi waliokuwa vijana enzi zetu, sasa wana mvi. Wanawake wa dagaa. Familia zimetoka Simbo na Mwandiga, na wengi wao ni watu wangu, ambao wazazi wao walivuka na sufuria kichwani kweli. Wakakaa wakasubiri kucheka. Niliona kabisa walivyokaa, midomo imeshajiandaa.

Video ikaanza. Kisima. Cheti. Padri. Madaftari. Ilipokwisha wakapiga makofi ya kanisani, yale ya kumwambia mtu asante keti. Mzee mmoja nyuma yangu akamuuliza mwenzake, "Sasa Mwenyeji mwenyewe anaingia saa ngapi?"

Hapo ndipo hasira ilinipanda mpaka masikioni. Hasira ya Bonifasi kufa mara ya pili, na hasira yangu mimi. Nililivaa koti palepale. Lilinifika magotini. Nikapita katikati ya viti, Shadia akaniona nakuja, na maiki mkononi mwake. Nilidhani atanizuia. Alinitazama kidogo, akaniachia maiki.

Kulikuwa na mtumbwi nje ya turubai. Castory alinishika mkono nikapanda. Umri nao, magoti yalilia. Nikanyoosha kidole kama alivyokuwa ananyoosha yeye, nikavuta sauti yake kutoka tumboni, na nikasema yote. Mliovuka mpaka. Sufuria. Mihogo yetu. Dagaa wetu. Kila mtu abebe chake arudi kwao.

Mwalo ambao haunyamazi hata kwenye mvua ulinyamaza. Simu zilikuwa zimeinuliwa, naziona. Mwanamke mmoja wa Simbo alimfunika mwanawe masikio. Nami nikiwa juu ya mtumbwi, ndani ya koti la marehemu, ndipo nikaliona kosa langu. Miaka yote hiyo aliyejibu ni mimi. Nimevaa nguo za Mwenyeji, sasa Mgeni ni nani? Hakuna mtu aliyepewa kazi ya kunijibu. Nikishuka hivi, jioni kitakuwa kipande kingine cha video, na mbaguzi safari hii ni Anésie Ndayikunda.

Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. "Nimesema kila mtu arudi kwao! Hakuna mwenye mdomo hapa?"

Wilfred alikuwa anakuja, anaomba maiki kwa mkono, uso umempauka. Nilimwonea huruma, lakini sikumpa.

"Yebaba we!"

Sauti ilitoka mstari wa mbele, kwenye kiti cha heshima. Veneranda alikuwa amesimama. Mwanamke huyu hakuwahi kukanyaga onyesho letu hata moja. Mikono kiunoni, kitenge cha kumbukumbu chenye picha ya mumewe kifuani.

"We mama uliye kwenye mtumbwi! Hilo koti limetoka Bujumbura. Nalijua, nimelifua miaka yote, nimelitia viraka kwapani, na mfuko wa kulia nimeubadilisha mimi. Vua vya wageni vyote tuone cha kwako!"

Mstari wa mwisho neno kwa neno. Sauti yake ilikuwa kavu, haijazoea, lakini alisimama palepale pa kusimama, akavuta pumzi palepale ninapovuta mimi. Sijui alijifunzia wapi. Labda Bonifasi alikuwa akirudi nyumbani anamwigizia yote, yeye na cherehani yake, mwenyeji na mgeni ndani ya chumba kimoja. Nililishika koti kwa mikono miwili, nikasema, "Hili? Hili nimezaliwa nalo!"

"Muongo huyo!" Yule mzee wa nyuma yangu ndiye alianza, na wengine wakamfuata. "Vua!"

Nikalivua. Nikamrushia Veneranda, akalidaka, akalivaa. Lilimwenea vizuri kuliko lilivyowahi kunienea mimi au kumwenea marehemu, maana miaka ile ya kulifua alikuwa amelipunguza mabega, na kipimo alichotumia, nikaona sasa, kilikuwa cha mwili wake mwenyewe. Watu walikuwa wanacheka. Mwanamke wa Simbo aliondoa mikono masikioni mwa mwanawe. Nilimtafuta Shadia kwa macho, nikamwona ameziba mdomo kwa viganja, mabega yanatikisika, na sikujua kama anacheka au analia. Nilimwambia moyoni, haya, hili nalo mkalichukue shuleni.

Veneranda akanigeukia. "Na kile kitenge cha kaptula," akasema, sasa bila kuigiza, "nilikinunua kwa Mkongo. Ulikuwa unasema kweli. Nilimwambia asibishe."

Kisha akageuka taratibu, koti limemkaa, akamtazama mwanawe aliyesimama katikati ya viti na mkono wake bado umenyooka kuomba maiki. Akamtazama kuanzia viatu kupanda juu.

"Na wewe, baba wa Dodoma! Anza na hiyo tai!"

Mwalo ukanyamaza tena, lakini huu ulikuwa ukimya mwingine, ule tuliokuwa tunaujua mimi na Bonifasi, wa watu waliovuta pumzi tayari kuitika. Wilfred alimwangalia mama yake. Akaniangalia mimi. Niliona anatafuta maneno ya ofisini, na hayaji. Mkono wake ulishuka, ukaenda wenyewe shingoni, ukaikamata tai kama mtu anayeshika suruali isimvuke.

"Hii?" akasema.

Ilikuwa sauti ya Bonifasi. Si ya kuigwa, hakuwahi kumwiga baba yake maisha yake yote. Ilikuwa imekaa humo tu.

"Hii nimezaliwa nayo!"

Nilikaa chini juu ya mtumbwi nikalia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, na mwalo wote, wenyeji na wageni, ukamwitikia:

"Muongo huyo! Vua!"